Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: Nikeli ya Nachingwea ianzie VETA

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Nachingwea, ninakofundisha kemia sekondari. Ombi langu ni moja: kabla nikeli ya kilima cha Ntaka, hapa wilayani kwetu, haijaanza kuchimbwa, Wizara yako iweke mtambo mdogo wa kuchenjua madini kwa umeme katika chuo cha VETA cha Lindi au Mtwara, vijana wa huku waishike kazi hii kwa mikono yao.

Tangu sakata la 2017 la makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje kabla ya kusafishwa, tumehimizwa sana kuongeza thamani ya madini hapa nchini. Tumeelewa. Lakini thamani huongezwa na fundi, na fundi huandaliwa mapema, si siku mgodi unapozinduliwa.

Msingi wake Kidato cha Nne wanao. Nayeyusha mrututu (chumvi ya bluu yenye shaba) kwenye maji, nachovya vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri za redio, napitisha umeme. Kijiti kimoja kinavaa shaba nyekundu, kingine kinatoa mapovu, na bluu ya maji inafifia taratibu. Kwa kanuni hiyohiyo viwanda hutoa shaba yenye usafi wa asilimia 99.99, kwa uniti 2 hivi za umeme kwa kila kilo.

Nikeli ni korofi zaidi. Mbale ya Ntaka, yaani mawe yenye madini, ni ya salfaidi (nikeli iliyoungana na salfa), kwa hiyo makinikia yake hayayeyuki kwa tindikali ya baridi. Yanahitaji oksijeni, joto na mgandamizo mkubwa. Hata yakishayeyuka, kazi haijaisha. Kwenye anodi, kile kijiti kinachotoa mapovu, maji huvunjika, yakatoa oksijeni na tindikali. Tindikali hiyo ikivuka hadi kathodi, kijiti kinachovaa metali, umeme unaishia kutengeneza haidrojeni badala ya kuvuta nikeli, na bili inapanda bure. Viwanda vingi huzuia hali hiyo kwa mifuko ya kitambaa inayotenganisha pande hizo mbili. Utando wa kisasa unafanya vizuri zaidi: unaruhusu ayoni za salfeti (chembe zenye chaji hasi) zipite kwenda upande wa anodi na kuzuia sehemu kubwa ya tindikali isirudi. Tindikali inayojikusanya huko inarudishwa kuyeyushia makinikia mapya, badala ya kumwagwa. Kwetu tunaotegemea visima na mabonde kwa maji, mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Utando huo ni ghali, na uchafu kidogo tu kwenye myeyusho unauziba. Kujua lini uoshwe na lini ubadilishwe hakupatikani kwenye vitabu ninavyofundishia. Kunatokana na kukaa na mtambo.

Umeme nao si kisingizio. Nikeli inakula uniti 4 hivi kwa kilo, na gesi ya Mnazi Bay inatoka hapahapa Kusini.

Mheshimiwa, kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wa ajira na mafunzo. Tunaomba mpango wa Ntaka uutaje mtambo huo kwa jina, chuo utakapowekwa, na mkufunzi aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha namna hiyo. Tunaomba pia mpango huo uwekwe hadharani kwenye ofisi ya Halmashauri ya Nachingwea, wazazi wausome kabla leseni ya uchimbaji haijasainiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa kemia, Nachingwea