Magogo yaondolewe mitoni kabla ya masika

Mhariri,

Wenye mashamba kando ya vijito vya Moshi waondoe magogo majini sasa, kabla ya masika. Waanzie chini wakipanda juu. Ukifungua kizuizi cha juu kwanza, takataka zote hujazana kwenye cha chini, na maji humega kingo.

Gogo lililolala kama daraja ndilo linaloumiza watu. Juu limebanwa, chini limevutika. Kata juu theluthi moja ya unene, kisha malizia kutokea chini. Ukikata juu tu, msumeno hunaswa. Simama upande yanakotoka maji, kamwe si kule gogo litakakosukumwa. Vipande vya mita 1 na nusu huvutika kwa kamba bila kuchimbua ukingo.

Kisiki chenye mizizi ukingoni kiacheni, tafadhali! Ndicho kinachoshika udongo. Matawi na migomba virundikwe juu ya alama ya mafuriko, la sivyo mvua ya kwanza itavirudisha, hasa kwenye midomo ya mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba.

Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, hivyo ofisi ya kijiji ijulishwe kwanza.

Wakulima,
Moshi