Kwa binamu yangu anayemuuguza mama yake

Binamu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kampala. Nakuandikia hadharani bila kutaja jina lako, kwa kuwa wapo wengi Tororo, Busia na Arua walio katika hali yako.

Tangu shangazi apatwe na kiharusi, kila anayekuja kumjulia hali huuliza ameamkaje na mkono umepata nguvu kiasi gani, kisha hukusifu kwa uvumilivu wako na kuondoka. Sifa hizo zinanitia wasiwasi, maana mtu akishaitwa mvumilivu mbele za watu huona haya kusema kwamba amechoka. Uliponiambia kwamba hupati usingizi hata usiku ambao mama amelala vizuri, kwamba hutamani chakula, na kwamba wakati mwingine humkasirikia kisha ukalia kwa aibu, niliona kwamba jambo hilo limepita uchovu. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaotibika, na hasira yako haina maana kwamba umeacha kumpenda.

Katika nchi yetu, hata wodini, ndugu ndiye anayelala sakafuni kando ya kitanda, anayepika, anayefua na kumwogesha mgonjwa. Mgonjwa akiruhusiwa, kazi yote humwangukia binti mmoja pasipo kikao chochote kuamua hivyo. Kaka zako hutuma pesa kwa simu, nazo zinasaidia, lakini pesa haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku ili asipate vidonda vya kulala. Nimewaomba kila mmoja ataje siku atakazokuja mwenyewe, naye aoneshwe dawa na namna ya kumwinua. Tafadhali usiwakatalie kwa kuwa hawatafanya vizuri kama wewe.

Kuhusu matibabu yako, Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inatambua huduma hiyo katika vituo vya afya vya msingi, kwa hiyo huna haja ya kuanzia Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Mweleze mhudumu wa kituo kilicho karibu mambo uliyonieleza mimi, bila kupunguza. Likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje siku ya kliniki. Nenda mara moja, na unipigie simu saa yoyote.

Utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai, uliochapishwa 2003, ulionesha kwamba watu wenye sonona waliokutana kila wiki kuzungumza katika vikundi, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, walipata nafuu kubwa kuliko wasiokutana. Kwa hiyo uliza kituoni kama kipo kikundi cha namna hiyo.

Ijumaa jioni nitafika. Nitalala chumbani kwa shangazi hadi Jumatatu, na asubuhi hiyo, kabla sijaondoka, wewe utakwenda kituoni.

Nduguyo akupendaye.