Kuhusu filamu ya Kolberg

Mpendwa rafiki yangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wote wa nyumbani. Mimi sijambo. Uliniuliza kwa nini niliitazama filamu ya Kolberg mara mbili ilhali nafahamu kwamba ilitengenezwa kwa amri ya Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, nami nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili limenikaa moyoni.

Goebbels alimwagiza mwongozaji wa filamu Veit Harlan kazi hiyo tarehe 1 Juni 1943, miezi minne baada ya jeshi la Ujerumani kusalimu amri Stalingrad, huko Urusi, akitaka Wajerumani waonyeshwe kwamba raia na askari wakishikamana hakuna adui wa kuwashinda. Kisa chenyewe kilitokea kweli: mwaka 1807 majeshi ya Napoleon yaliuzingira mji wa Kolberg, uliokuwa wa ufalme wa Kijerumani wa Prussia, kando ya bahari ya Baltiki, nao ukastahimili chini ya kamanda Gneisenau na baharia mzee Nettelbeck. (Huyo Nettelbeck, ambaye katika filamu ni kama baba wa mji, ujanani alitumikia merikebu za watumwa zilizotoka Afrika Magharibi; nami siwezi kumtazama nikalisahau hilo.)

Lakini mwisho ndio ulionirudisha kuitazama mara ya pili. Katika filamu, Wafaransa wanakata tamaa mbele ya ushupavu wa wenyeji. Katika historia, mji ulinusurika kwa sababu vita vilikoma: mfalme wa Prussia, akiwa ameshindwa, alitia saini mkataba wa Tilsit mwezi Julai 1807 na kupoteza karibu nusu ya ardhi yake. Amani ya mfalme aliyeshindwa ndiyo iliyowaokoa watu wale, na hilo ndilo neno ambalo Goebbels asingeruhusu lisikike mwaka 1945. Nakiri kwamba Heinrich George, anayemwigiza Nettelbeck, alinitoa machozi, na nilipokumbuka machozi hayo yalikusudiwa kazi gani, niliogopa.

Maelfu ya askari walitolewa vikosini wavae sare za zamani mbele ya kamera, wakati Ujerumani ikiwahitaji vitani. Filamu ilizinduliwa tarehe 30 Januari 1945 Berlin, na pia La Rochelle, mji wa pwani ya Ufaransa, ambako Wajerumani walikuwa wamezingirwa, hata nakala yao ikabidi idondoshwe kwa mwavuli kutoka kwenye ndege.

Tarehe 18 Machi Kolberg yenyewe ilianguka mikononi mwa majeshi ya Kisovieti na ya Poland. Goebbels alihakikisha habari hiyo haitangazwi katika taarifa ya jeshi. Raia wengi wa mji walikwisha kuondolewa kwa meli, njia ambayo filamu haikuwafundisha.

Nakuomba uitazame mpaka mwisho, kisha uniandikie.

Wasalaam,
Rafiki yako