Barua ya wazi kwa kiongozi anayesimamia uvuvi na mazingira, Bukavu: taa zile zizimwe

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu, kwa kuwa barua mbili nilizozileta ofisini kwako kwa mkono wangu hazijajibiwa hadi leo. Majuma mawili yaliyopita, giza la mwezi lilipoingia, kwenye ujenzi unaoendelea ufukweni, katika ghuba ya Ziwa Kivu anayovua mume wangu, ziliwashwa taa nyingine sita kali zinazomulika majini, juu ya zile tulizokwisha kuzilalamikia, na hazizimwi mpaka alfajiri. Usiku huo alirudi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wasiojaza hata beseni moja.

Unajua, kama ajuavyo kila mtoto wa Bukavu, kwamba sambaza huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi hubaki nyumbani kwa sababu taa zao hazina tena nguvu ya kuwaita samaki. Sasa tumewekewa mwezi mpevu usiotua. Minervali, yaani ada ya shule, ya watoto wetu wanne hutoka katika beseni hilo, na muhula huu wawili wamekwisha kurudishwa kutoka shuleni.

Lakini mimi pia ni mwalimu wa biolojia, na yanayonitisha zaidi hayaonekani wavuni. Kwenye mawe ya ghuba hiyo wanaishi samaki wadogo, jamaa ya tilapia, ambao spishi zao kadhaa hazipatikani popote duniani ila Kivu. Dume hujipamba kwa rangi, jike humchagua kwa macho, kisha huyabeba mayai kinywani mwake. Macho hayo yanahitaji maji maangavu mchana. Katika Ziwa Victoria, mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba pale maji yalipochafuka, jike hakuweza tena kumtambua dume wa aina yake kwa rangi, na spishi zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika na kupotea. Majike wa huko waliowekwa chini ya mwanga wa rangi moja, ambamo wekundu na buluu havitofautiani, waliacha kubagua madume. Sisi tunapokea tope la mto Kawa kila mvua inaponyesha, na sasa udongo wa ujenzi huo nao unamwagwa ufukweni.

Usiku, samaki wanahitaji giza. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba mayai ya samaki mmoja wa baharini, yule mdogo wa rangi ya chungwa anayeishi kati ya anemoni, wanyama laini wa baharini, yalipomulikwa kwa taa usiku hayakuanguliwa hata moja, ilhali yale yaliyoachwa gizani yalianguliwa. Sambaza si samaki huyo, wala sidai kwamba taa ndizo chanzo pekee cha wavu mtupu. Huenda nyavu za matundu madogo zina sehemu yake. Hata hivyo, ghuba jirani isiyo na taa bado inatoa samaki, na siwezi kufumba macho nisilione hilo.

Mheshimiwa, ulisimama ufukweni mbele yetu, akina mama tukiwa na mabeseni yetu, ukaahidi kwa kinywa chako kwamba ujenzi hautaanza kabla wavuvi hawajasikilizwa. Umeanza, na hakuna aliyetuita. Tuliomba taa zigeuzwe zitazame nchi kavu, tukaomba udongo uzuiwe, tukaomba mtu mmoja tu aje kuangalia. Ikiwa hayo yote ni mazito kwako, basi nakuomba moja: zizimwe usiku.

Juma hili mwezi umeanza kupungua. Wavuvi wanarekebisha nyavu, na kabla ya siku kumi kwisha watashuka tena majini. Naomba wakute taa hizo zimezimwa.

Mwalimu na mke wa mvuvi, Bukavu