Mkimtaja Bibi Titi msiruke na ya 1969

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapokea nyingi ila hii naomba msiikatekate maana mambo yake yanaungana. Kila ikikaribia tarehe 8 Machi au 9 Desemba magazeti yetu, na la kwenu limo, yanatoa picha ya Bibi Titi Mohamed na maelezo yaleyale ya mwaka jana, kwamba alikuwa mwanamke shupavu, alizunguka nchi na Mwalimu Nyerere kudai uhuru, akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, na barabara imepewa jina lake. Basi, imeisha hiyo. Yote kweli, sibishi. Ila mtu akimaliza kusoma hapo kajua nini? Mama huyu kazaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, ukihesabu mpaka 2026 ni karne nzima, na mi naona kama tunataka kumuenzi kwa hiyo karne basi tumsimulie mzima mzima, na yale machungu ya kukamatwa kwake 1969 yaingie.

Hata yale mazuri yenyewe tunayasema juujuu. TANU, chama kilichodai uhuru, imeanzishwa Julai 1954, yeye kaingia mapema kabisa, kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU kuhusu wanawake, wako wapi kwenye chama chenu? Swali likawabana, ndo akatafutwa Bibi Titi aongoze upande wa akina mama. Sasa jiulize kwanini yeye, maana hakuwa msomi wa kutisha, shule alisoma miaka michache tu na siasa alikuwa hajawahi kuifanya. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, kikundi chao kikiitwa Bomba.

Ukimwambia kijana wa leo kwamba uhuru ulipitia kwenye ngoma anacheka, anadhani unamaanisha watumbuizaji wa kukaribisha mgeni rasmi. Hapana. Kwa Dar ile vikundi vya ngoma vya akina mama vilikuwa mtandao kamili, kila kikundi kina kiongozi wake, kina michango, kina sare, harusi wanakwenda wote, mmoja akifiwa wanakwenda wote, kwa hiyo ukimshika kiongozi mmoja umeshika kundi zima na majirani zao juu. Bibi Titi alikuwa anawajua hao viongozi kwa majina na wao wanamjua kwa sauti, akawaendea, nao wakawaita watu wao, na ndani ya miezi michache tu wanawake kama 5,000 walikuwa wameshaingia TANU. Wanaume wenye digrii wangehitaji miaka, na sijui kama wangefika.

Halafu kuna jambo lingine ambalo halisemwi kabisa. Serikali ya mkoloni ilikuwa imepiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo karani anakipenda chama moyoni lakini anaogopa kibarua kitaota nyasi. Sasa muuza maandazi na mpika pombe serikali ingemfukuza kazi ipi? Yaani wale waliodharauliwa kwamba hawana ajira wala elimu ndo walikuwa huru kusimama hadharani, na aliyewasimamisha ni mwanamke mwenzao. Hili lingepaswa kuwa kwenye kila kitabu cha historia cha sekondari, siyo sentensi moja ya pembeni.

Sasa twende huko tunakokurukaga. Baada ya uhuru akawa mbunge, akawa naibu waziri, UWT ikaundwa 1962 akaiongoza. Uchaguzi wa 1965 akaangushwa kwenye jimbo la Rufiji. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, na masharti ya viongozi kutokuwa na nyumba za kupangisha, naye alikuwa nazo, hakukubaliana nalo akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Mimi binafsi naona Azimio lilikuwa na haki kwenye hilo, kiongozi akishakuwa mwenye nyumba huwezi kumwambia habari za kodi akakusikia. Lakini naelewa pia kwa upande wake, mwanamke asiye na cheti, ubunge umeshampita, uzeeni atakula nini kama siyo kodi ya vyumba? Mtu anaweza kuwa mzalendo na bado akapinga sera, mbona wanaume waliopinga sera wanaitwa wanasiasa na yeye tunaona aibu kumtaja.

Oktoba 1969 akakamatwa, yeye na Michael Kamaliza aliyekuwa waziri wa kazi na maofisa kadhaa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini, kwamba walikula njama ya kuipindua serikali, na Oscar Kambona aliyekuwa uhamishoni London akatajwa kuwa ndiye kinara. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini nchini, ikaunguruma siku 127, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwalimu akamtoa 1972. Huku nyuma mumewe alishamwacha akiwa jela, akatoka hana cheo, hana mume, marafiki wengi wa zamani wamejitenga, akaishi kimya hapahapa Dar wakati kule majukwaani wengine wanaimbwa. Mwaka 1991, taifa linatimiza miaka 30 ya uhuru, ndo gazeti la chama tawala likamkumbuka na kumwita shujaa wa kupigania uhuru. Amefariki 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg.

Mi sitaki kuingia kwenye ugomvi wa alikuwa na hatia au hakuwa nayo, mahakama ilisema yake na wanahistoria waendelee. Ninachosema ni kwamba tukisherehekea wanawake kwenye siasa tunachora mstari mnyoofu, Bibi Titi na Lucy Lameck mwanzoni, Tabitha Siwale na Julie Manning kuingia baraza la mawaziri 1975, Anna Makinda kuwa Spika 2010, Rais Samia 2021, makofi. Hapo katikati kuna mwanamke aliyefungwa na nchi aliyoipigania na tunampita kama vile hatujamuona. Binti anayetaka kugombea leo anahitaji sana kujua hiyo sehemu kuliko hizo sifa, ajue siasa inaweza kukufanya nini na mtu anawezaje kuishi baada yake.

Pita barabara yake siku moja kwa miguu, kutoka Mnazi Mmoja, unapita chuo cha DIT pale inapokutana na Morogoro Road, unakuja mpaka Maktaba Kuu. Makondakta wanataja jina lake siku nzima, vibao vina jina na mshale, hakuna hata mstari mmoja wa kusema huyu nani. Na ukiingia hapo maktaba ukataka kumsikia mwenyewe akiongea, simulizi zake ndefu alizompa mtafiti wa Kimarekani miaka ya 80 zilitoka kwanza kwenye kitabu cha Kiingereza. Alisimulia kwa Kiswahili kile chake cha Dar, halafu waliotangulia kumsoma ni wajuao Kiingereza! Hii inaniuma kuliko hata hilo la vibao.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni kwenu kwanza kabla sijaisumbua wizara. Kama kwenye kabati zenu kuna magazeti ya 1970 na 1971 yaliyoripoti ile kesi, toeni zile kurasa upya, hata kipande kwa kipande kila wiki, wasomaji tujionee ilivyoandikwa wakati ule. Na wapo bibi zetu wachache waliobaki ambao walikuwa wasichana kwenye vile vikundi vya ngoma, tumeni mwandishi akakae nao na simu ya kurekodi, msimtume yule wa dakika tano na picha. Juni mkiwa na matangazo mengi basi hata Novemba 5, ila ile aya yenu ya kila mwaka safari hii iacheni kabatini.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam