Sumaku za mota zinauzwa kama chuma chakavu

Mhariri,

Kila yakitajwa madini adimu ya Ngualla, Songwe, mazungumzo huishia kwenye mlima na mgodi. Mimi ni fundi wa kusuka mota hapa Mwanjelwa, Mbeya, na naomba nafasi niseme kuhusu madini hayohayo yakishafika karakana, ndani ya mota ya pikipiki ya umeme.

Mawe ya Ngualla yana oksaidi za madini adimu takriban asilimia 5, na zile za kutengenezea sumaku, neodimiamu na praseodimiamu, ni kama sehemu moja ya tano ya hizo. Kwa tani nzima ya mawe unapata kilo kumi hivi. Sumaku ya mota je? Karibu asilimia 30 ya uzito wake ni madini adimu. Iliyobaki ni chuma na boroni kidogo.

Neodimiamu peke yake, kwa joto la kawaida, hainasi hata sindano. Nguvu nyingi ya kuvuta inatoka kwenye chuma. Neodimiamu inaifunga nguvu hiyo ielekee upande mmoja. Aloi hiyo, yaani mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, waliitangaza mwaka 1983 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mmoja kwa njia yake. Sumaku bora za kabla ya hapo zilihitaji kobalti, na vita vya mwaka 1978 katika jimbo la Kongo lililoitwa Shaba (Katanga) vilikuwa vimeipandisha bei vibaya.

Wanunuzi wa skrepa huku kwetu hupasua mota, wakatoa waya wa shaba, kilichobaki kikaenda mizani ya chuma. Sumaku zinayeyushwa humo humo na neodimiamu inaishia kwenye takataka za tanuri. Wengine huzibandua kwa moto wa gesi. Zikipita nyuzi 312 za Selsiasi usumaku unakufa, ingawa madini bado yamo.

Ninaiomba Wizara ya Madini na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, watufundishe mafundi kuzitenga. Si kila sumaku ina thamani hiyo: zile nyeusi za spika nyingi ni feraiti tu, hazina neodimiamu. Tunazozitaka kwa kawaida zimepakwa nikeli, zinang'aa, na zikikubana kidole utazijua. Pia atangazwe mnunuzi anayezipokea kama sumaku, si kama chuma. Zangu ninazihifadhi kwenye ndoo ya plastiki, akijulikana, nitampelekea.

Fundi mota,
Mwanjelwa, Mbeya