Kamera Nyepesi ya Fomati Kubwa: Uzito Unaoupunguza Utaulipia Wapi?

Mteja anayeanza safari ya fomati kubwa, yaani kamera za filamu kubwa inayopigwa jani mojamoja, huja dukani kwetu na swali moja: achukue kamera ya plaiwudi yenye kilo moja na ushei, au ajichange anunue ya chuma iliyotumika? Zote zinatumia filamu ileile ya inchi 4 kwa 5, zinafunga lenzi zilezile, na picha ikitoka vizuri hakuna atakayejua ilipigwa na ipi. Tofauti inaonekana kabla ya kufyatua, na mara nyingi inaonekana mahali ambapo mnunuzi hakuwa amepatazama.

Tuanze na mizani. Intrepid ya 4x5, inayotengenezwa Brighton, Uingereza, ina uzito wa karibu kilo 1.2. Chamonix ya China, mbao na nyuzi za kaboni, iko kwenye kilo moja na nusu hivi. Ukienda kwa za chuma, Linhof Master Technika na Toyo 45AII zinacheza kati ya kilo 2.6 na 2.8. Kwa hiyo unachookoa kwenye kamera yenyewe ni kama kilo moja na nusu. Si haba, ila kamera haitembei peke yake.

Huu hapa mzigo wa kawaida wa mtu anayekwenda kupiga mandhari kwa siku moja. Kamera nyepesi, kilo 1.2. Lenzi tatu ndogo pamoja na vibao vyake vya kuzifungia kwenye kamera, kilo 1. Holda sita, yaani vibebeo vyenye jani moja la filamu kila upande, ambazo ni picha 12, kilo 1 nyingine, kwa sababu holda moja yenye filamu ina gramu 170 hivi. Tripodi ya nyuzi za kaboni na kichwa chake, kilo 2.2. Kitambaa cheusi, mita ya mwanga, kikuza, waya wa kufyatulia na filta, gramu 900. Begi tupu, kilo 1.8. Jumla kilo 8.1, na maji bado hujaweka.

Sasa badilisha kamera tu, weka ya chuma ya kilo 2.7. Usiishie hapo, maana tripodi ya kilo 2.2 itayumba chini yake. Utahitaji ya kilo 3.4 hivi. Begi linafika kilo 10.8. Kamera imekuongezea kilo moja na nusu, tripodi imeongeza kilo 1.2. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kamera nyepesi: inaruhusu tripodi nyepesi.

Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo watu huusahau. Ukinunua kamera nyepesi kisha ukaifungia lenzi ya Super-Angulon ya milimita 90 ya f/5.6 badala ya Nikkor 90 ya f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), umerudisha zaidi ya gramu 200 kwa lenzi moja. Ukibeba holda kumi badala ya sita, umerudisha karibu gramu 700, wakati watu wengi hawamalizi picha nane kwa siku. Aliye na bajeti ndogo na mgongo unaouma aanze kupunguza hapo kabla ya kubadilisha kamera. Nikkor-M 200 ya f/8 ina gramu 180 tu. Fujinon-C 300 ya f/8.5 ina gramu 250. Lenzi za aina hii zina giza kidogo kwenye kioo cha kufokasia kilicho nyuma ya kamera, hilo ni kweli, lakini mwisho wa yote utapigia f/22.

Mvukuto ndio unaoamua

Kama kuna namba moja ya kuuliza kabla ya kutoa pesa, uliza mvukuto, ule mfuko wa mikunjo unaounganisha lenzi na nyuma ya kamera, unanyooka hadi milimita ngapi. Kamera nyingi nyepesi za plaiwudi huishia kati ya 300 na 320. Mtu anasoma hivyo, anaona ana lenzi ya milimita 300, anaridhika. Kisha anafika porini na kugundua kwamba anaweza kufokasi milima lakini si mti ulio mbele yake.

Sababu ni ya hesabu tu. Lenzi ya milimita 300 ya muundo wa kawaida inahitaji milimita 300 za mvukuto kwa kitu kilicho mbali kabisa. Kadiri kitu kinavyosogea karibu ndivyo lenzi inavyotakiwa kusogea mbele. Ukiwa na mvukuto wa 320, una milimita 20 tu za kuchezea, na kitu cha karibu zaidi utakachokifokasi kiko mita 4.8 kutoka kwenye lenzi. Mvukuto wa 390, kama wa baadhi ya Chamonix, unakusogeza hadi mita 1.3. Lenzi ya 210 kwenye mvukuto wa 300 inafika sentimita 70, na kwa wengi hiyo inatosha.

Kuna njia ya kuzunguka: lenzi za telefoto halisi. Fujinon-T 300 ya f/8 inahitaji mvukuto wa milimita 195 hivi kwa kitu cha mbali, kwa hiyo inakaa vizuri hata kwenye kamera fupi. Gharama yake ni kwamba ukiinamisha fremu ya mbele, ile inayoshika lenzi, picha nzima inahama kwenye kioo, maana kitovu cha lenzi hakipo pale kibao kilipo. Inafanya kazi, ila inataka subira.

Na usisahau kufidia mwanga. Lenzi ya 150 ikivutwa hadi 300, mwanga unaofika kwenye filamu ni robo. Ongeza stopu mbili, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu. Ya 210 ikivutwa hadi 300, ongeza stopu moja. Gawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa fokasi, zidisha jibu kwa lenyewe, hiyo ndiyo mara ngapi uongeze muda. Futi ya kupimia ya fundi cherehani inakaa mfukoni na haina betri.

Kwa upande wa lenzi fupi tatizo ni la kinyume. Mvukuto uliobanwa kwa lenzi ya 90 unakuwa mgumu, na ukijaribu kupandisha fremu ya mbele ili usikate kilele cha jengo, mvukuto wenyewe unairudisha chini. Baadhi ya kamera nzito hukuruhusu kuvua mvukuto na kuweka ule wa mfuko laini. Nyepesi nyingi hazikuruhusu. Anayepiga majengo kila wiki, tunamwambia waziwazi: kamera nyepesi si yako.

Inavyoyumba, na kwa nini picha bado inatoka

Kamera nyepesi inajikunja. Shika fremu ya mbele kwa vidole viwili uitikise polepole, utaona. Swali ni je, mkunjo huo unafika kwenye filamu?

Kwa filamu ya 4x5, ukichukua kipimo cha kawaida cha duara la ukungu (doa kubwa kabisa ambalo jicho bado linaliona kama nukta) la milimita 0.1, kwenye f/5.6 filamu inaweza kukosea nafasi yake kwa nusu milimita hivi kila upande kabla picha haijaanza kulegea. Kwenye f/22 nafasi hiyo ni zaidi ya milimita 2. Ndiyo maana mpiga mandhari anayefunga hadi f/22 halalamiki, na mpiga sura za watu anayefungua hadi f/5.6 analalamika kila siku kuhusu kamera ileile. Wote wawili wanasema kweli.

Kosa linalotokea sana ni wakati wa kuingiza holda. Springi za nyuma zina nguvu, kamera ni nyepesi, na ukisukuma holda kwa mkono mmoja fremu ya nyuma inarudi kidogo. Fokasi uliyoitafuta kwa dakika tano imeondoka, na huwezi kuiona tena kwa sababu holda imeshaziba kioo. Shika fremu ya nyuma kwa mkono wa kushoto, vuta kioo nyuma kwa vidole vya mkono huohuo, ingiza holda kwa mkono wa kulia mpaka ukingo wake uanguke kwenye mfereji. Usiposikia ule mlio mdogo, itoe uanze upya. Holda isiyokaa mferejini huvujisha mwanga ukingoni, na negativu inarudi na mkanda mweusi upande mmoja.

Ukitaka kujua kamera yako ina ugonjwa huo au haina, fungua lenzi yote, fokasi kwenye maandishi ya gazeti lililobandikwa ukutani mita 3 mbele, kaza skrubu zote, kisha ingiza na kutoa holda mara tatu. Angalia tena kwa kikuza. Maandishi yakiwa bado makali, kamera ni nzima. Yakilegea, mara nyingi ni skrubu za kukazia fremu ya nyuma au washa zake zilizolainika, na hizo zinabadilishika kwa bei ya chai na chapati.

Upepo ni habari nyingine. Mvukuto ulionyooshwa milimita 300 ni tanga, na chombo chenye tanga bila nanga kinajulikana kinakoishia. Usinyanyue nguzo ya kati ya tripodi. Ning'iniza begi chini ya tripodi lakini liguse ardhi, maana begi linalobembea ni baya kuliko kutokuwa nalo. Simama upande upepo unakotoka ukiwa na mwavuli, ukihakikisha mwavuli haugusi tripodi. Ukishavuta kibamba cha holda, kile kinachofunika filamu, hesabu hadi kumi ndipo ufyatue. Kama upepo hautulii, badilisha lenzi ya 210 kwa ya 150 ufupishe mvukuto, kisha kata ukingo wa picha baadaye. Filamu ina eneo la karibu mara 13 la fremu ya milimita 35, kwa hiyo una akiba ya kutosha.

Pwani, vumbi na baridi

Mbao na plaiwudi huvimba kwenye hewa ya Zanzibar, Tanga au Mombasa. Dalili ya kwanza ni reli za kufokasi kukwama. Usiweke mafuta: yanaingia kwenye mbao na kukamata vumbi. Sugua reli kwa nta ya mshumaa mweupe, futa inayobaki kwa kitambaa kikavu. Kamera ikae kwenye sanduku lenye pakiti za silika jeli, siyo kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa, kwa sababu ngozi hutunza unyevu na kuvu huanzia hapo kisha huhamia kwenye lenzi.

Baadhi ya kamera nyepesi zina vipande vilivyochapwa kwa mashine ya 3D. Muulize muuzaji ni plastiki gani. Kama ni PLA, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana inafika huko.

Vumbi jekundu likiingia kwenye holda linakaa juu ya filamu, linazuia mwanga, na kwenye picha iliyochapwa linatoka kama doa jeusi ambalo ni kazi kulifuta. Piga holda brashi kabla ya kujaza, na tembea nazo ndani ya mifuko ya plastiki yenye zipu, mbilimbili.

Anayepanda Kilimanjaro abebe kamera mwenyewe, asiiweke kwenye mzigo wa mpagazi, maana mpagazi anatangulia kambini na mwanga mzuri utakukuta njiani mikono mitupu. Hapa kamera nyepesi inashinda bila ubishi. Juu kwenye baridi, pumzi yako inaganda kwenye kioo ukiwa chini ya kitambaa, pumulia pembeni. Na kwa kitambaa chenyewe, kaniki mbili zilizoshonwa pamoja zinatosha kabisa. Shona kitambaa cheupe upande wa nje, kichwa hakitaungua jua likiwaka.

Ukinunua iliyotumika

Ingia chumba chenye giza, weka tochi ndani ya mvukuto, uunyooshe wote na uangalie pembe za mikunjo. Matundu huanzia hapo. Tundu la sindano huacha wingu la mwanga mahali palepale kwenye kila negativu, na wingu hukua kadiri unavyokawia baada ya kuvuta kibamba. Matundu mawili matatu tunaziba kwa rangi nyeusi ya mpira. Yakizidi kumi, ni mvukuto mpya. Hakikisha kioo hakijageuzwa: upande wenye ukungu unatazama lenzi. Aliyebadilisha kioo akakiweka kinyume atapata picha laini maisha yake yote akilaumu lenzi.

Na kama unachotaka ni ugumu kwa bei ndogo, tazama pia Crown Graphic ya Graflex, kamera ya zamani ya waandishi wa habari wa Marekani. Ni nzito kuliko Intrepid na nyuma yake haisogei kabisa, lakini inafunga kama sanduku na inavumilia kuanguka.

Ukija kujaribu kamera dukani, njoo na lenzi yako ndefu kuliko zote, kibao chake na holda moja tupu. Tutaifunga, tutaivuta hadi mwisho, tutapima kwa futi, na jaribio la gazeti ukutani utalifanya wewe mwenyewe.